Neno "relieve": barua iliyomrudisha baba mdogo getini, na kwa nini "kupunguza" haitoshi

Mleta uzi:

Habari za jioni wakuu.

Naomba tulizungumze neno moja la Kiingereza ambalo wengi wetu tunalijua nusu, na ile nusu tusiyoijua ndiyo inayoumiza. Neno lenyewe ni "relieve".

Nikiwa kidato cha pili, baba yangu mdogo alikuwa mtunza stoo wa kampuni moja mjini Morogoro. Ijumaa moja jioni alirudi na bahasha. Kiingereza hakujua, na pale nyumbani msomaji wa barua nilikuwa mimi. Sentensi ya pili ilisema "you are hereby relieved of your duties". Nikachukua kamusi yangu ndogo ya shule. Mbele ya "relieve" palikuwa na maneno mawili tu: punguza, fariji. Nikamwambia baba mdogo kwamba wameona kazi zimemzidi, sasa wamempunguzia majukumu. Mama mdogo akamshukuru Mungu, maana mgongo ulikuwa unamsumbua mumewe tangu masika. Jumatatu baba mdogo akanyoosha shati lake jeupe, akaenda kazini. Mlinzi wa getini, ambaye kila siku walikuwa wakinywa chai pamoja, ndiye aliyemweleza kwamba ameambiwa asimruhusu kuingia.

Alirudi kwa miguu. Hakunigombeza. Mimi leo ni muuguzi, na neno hilo nalisikia wodini karibu kila siku, tena kwa maana tatu au nne tofauti katika zamu moja. Kila nikilisikia nalikumbuka lile shati.

Sasa twende kwenye neno lenyewe.

Asili yake ni Kilatini, "relevare", yaani kuinua tena, kufanya kitu kiwe chepesi. Ndani yake mna neno "levis", maana yake jepesi. Likapita kwenye Kifaransa cha zamani ndipo likafika Uingereza. Kwa hiyo picha iliyomo ndani ya neno ni ya mtu aliyebeba, na mtu mwingine (au kitu) anayekuja kuinua kile alichobeba. Ukiishika picha hiyo, maana zote zinafuatana zenyewe, hata ile ya barua. Kamusi yangu ya shule ilinipa matokeo ya aina moja ya kuinuliwa mzigo, haikunipa picha.

Maana inayojulikana zaidi ni ile ya maumivu. "This drug relieves pain": dawa hii hutuliza maumivu. Hapa "kutuliza" ni bora kuliko "kupunguza". Na sikilizeni vizuri hilo neno letu: tuliza, tulia, tua. Mwenye mzigo hutua, ndege hutua, jua hutua. Anayetulia ni kama aliyetua kitu. Sisi tunashusha, Mlatini anainua, lakini mgongo unaopumzika ni uleule.

Ila kutuliza si kuponya, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wanaumia. Wagonjwa wa pumu mara nyingi hupewa pampu za aina mbili. Moja, ambayo kwa kawaida ni ya bluu na ina salbutamol, kwa Kiingereza huitwa "reliever". Inalegeza misuli ya njia za hewa ndani ya dakika chache, nguvu yake inakaa saa 4 hadi 6 hivi, basi. Ule uvimbe wa ndani unaosababisha njia kubana, haiugusi. Ya pili huwa na steroidi, inavutwa kila siku hata kama mtu anajisikia mzima, na ndiyo inayofanya kazi kwenye uvimbe. Sasa mgonjwa akiambiwa kwa haraka kwamba ile ya bluu "ndiyo ya kukusaidia", anaelewa nini? Anaelewa kwamba ile ndiyo dawa, na nyingine ni ziada. Anaiacha. Mwaka 2019 GINA, chombo cha kimataifa kinachotoa miongozo ya pumu, kiliacha kupendekeza watu wazima na vijana watibiwe kwa aina ile ya bluu peke yake, kwa sababu wanaoitegemea hiyo tu wako kwenye hatari ya kubanwa vibaya hadi kufa. Mimi siku hizi nasema hivi: "Hii inakutuliza ukibanwa. Hii ndiyo inayotibu, usiiache." Maneno mawili tofauti kwa pampu mbili tofauti. Ukitumia "saidia" kwa zote mbili umemchanganya mtu.

Maana ya pili ni ya zamu. Muuguzi wa usiku akisema "who is relieving me?", haulizi nani atampunguzia maumivu. Anauliza nani atampokea. Na hili ndilo neno letu zuri kuliko yote: pokea. "Nani ananipokea leo?" Tunalisema kila asubuhi bila kufikiri. Mlinzi humpokea mlinzi, dereva wa basi la masafa marefu humpokea mwenzake njiani. Angalieni sarufi yake: hatusemi "kupokea zamu" peke yake, tunasema pia "kumpokea mtu". Mtu mwenyewe ndiye yambwa, yaani anayetendwa, sawasawa na Kiingereza, "to relieve someone".

Maana ya tatu ndiyo ya baba mdogo. Siri yote imo kwenye kijineno "of". "Relieve your pain" ni kutuliza maumivu yako. "Relieve you of your duties" ni kukuondolea majukumu yako yote, kukuvua kazi. Mzigo umeinuliwa, ndiyo, lakini hukuomba, na ule mzigo ndio uliokuwa unakulisha. Tarehe 11 Aprili 1951, katikati ya vita vya Korea, Rais Truman wa Marekani alimwondoa Jenerali MacArthur, na neno lililotumika lilikuwa hilihili: "relieved of command". Hakuna aliyedhani jenerali kapunguziwa kazi. Kwa hiyo mkiona "relieved" ikifuatwa na "of", halafu cheo, kazi au madaraka, tafsiri ni ameondolewa, amevuliwa, amefutwa kazi. Sisi wenyewe tuna namna yetu ya kulainisha jambo hilo: "amepumzishwa". Laiti kamusi yangu ingekuwa na neno hilo.

Naomba michango yenu, hasa walimu na watafsiri. Na kama kuna mwenye hadithi kama yangu, aseme.

Mwanapwani:

Dada yangu, pole kwa hilo la baba mdogo. Ulikuwa mtoto, kosa si lako.

Niongeze kwenye "pokea". Hapa kwetu Mombasa, mgeni akiingia mlangoni na kikapu, neno la kwanza baada ya salamu ni "lete nikupokee". Mtoto aliyelelewa vizuri akimwona mama yake anatoka sokoni, anakimbia kumpokea. Mzungu mwenye adabu za zamani husema "let me relieve you of your bags". Ni tendo lile lile, neno kwa neno, na hapo ile "of" haina ubaya wowote! Kwa hiyo isiwe kila "relieve of" ni kufukuzwa. Inategemea kinachochukuliwa ni nini, na kama mwenyewe alitaka kichukuliwe.

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yaani wewe unayeutazama unauona mwepesi. Ndiyo maana kumpokea mtu ni heshima, maana umekubali kwamba ule si usufi.

Jambo jingine. Sisi huku husema "afueni". Mgonjwa kapata afueni, bei ya unga ikishuka magazeti yanaandika "afueni kwa wananchi". Nimesikia Bara mnasema "ahueni". Neno ni moja, au?

Mleta uzi:

Ahsante sana kaka. Umenirekebisha kwenye "of", nakubali, na mfano wa kikapu nitaubeba.

Ndiyo, tunalitumia kama neno moja, na asili ni Kiarabu. Kenya linasemwa na f, kwetu na h. Hilo ni jibu la "relief", lile jina, si kitenzi. Na tuangalie: "nafuu" nalo ni la Kiarabu, lakini lenyewe asili yake ni manufaa, ndiyo maana linaweza kukaa kwenye ugonjwa ("ana nafuu") na kwenye duka ("bei nafuu"). Ahueni haliendi dukani namna hiyo. Huwezi kusema shati la bei ahueni.

Mwalimu wa kata:

Wakuu, mimi nafundisha Kiingereza sekondari. Makosa ninayoyasahihisha kila muhula ni haya.

Kwanza tahajia. Jina lina f, "relief". Kitenzi kina v, "relieve". Ni kama "belief" na "believe". Wanafunzi huandika "I want to relief him", si sahihi. Wengine huandika "relive", ambalo ni neno jingine kabisa, maana yake kuyaishi tena yaliyopita.

Pili, na hili ni zito zaidi: "relieve" lazima liwe na kinachotendwa. Kwa Kiswahili maumivu yanaweza kutulia yenyewe. Mwanafunzi anaihamisha: "the pain has relieved". Hapana. Maumivu hayawezi "kurelieve" yenyewe. Ama "the pain has been relieved", ama utumie neno jirani, "the pain has eased". "Ease" linakubali njia zote mbili: kitu kinaweza kupoa chenyewe, au mtu akakipoza. Hapo ndipo pa kuyatofautisha.

Halafu kuna "alleviate", nalo limetoka kwenye hiyo "levis" aliyoitaja dada. Hili halichukui mtu. Unaweza "alleviate poverty", "alleviate pain", lakini huwezi "alleviate my mother". "Relieve" linachukua vyote, tatizo na mtu mwenye tatizo.

La mwisho naliomba lisichukuliwe kama utani, maana limemwaibisha binti mmoja darasani kwangu. Aliandika kwamba baada ya mtihani alikwenda chini ya mwembe "to relieve herself", akimaanisha kupumzika. "Relieve oneself" ni kujisaidia, kwenda haja. Wenzake walicheka wiki nzima. Tangu siku hiyo nalifundisha wazi kabisa, mapema, kabla mtu hajaliandika.

Mleta uzi:

Mwalimu, ahsante kwa kulitaja bila kulizungukazunguka. Wodini tunalihitaji. Na tazama lugha zilivyokutana: Kiingereza kinasema mtu "anajiinulia mzigo", sisi tunasema "anajisaidia", na lugha zote mbili zinasitiri jambo lilelile. Kumbe lile neno "saidia" ambalo nimelikataa kwenye pampu za pumu, hapa ndipo mahali pake hasa.

Huyo binti, mpe pole yangu.

Msema wazi:

Mimi naona mnakuza mambo. Kila neno lina muktadha. Msomaji akisoma barua yote ataelewa tu kama kafukuzwa au hakufukuzwa. Na kamusi kubwa zipo.

Mleta uzi:

Ndugu yangu, barua ilikuwa na sentensi nne. Moja ya kumbukumbu namba, moja ya "relieved", moja ya kurudisha funguo, moja ya kumtakia mema. Funguo tulidhani anapewa msaidizi wa kuzishika. Muktadha unamfaa yule ambaye tayari anazijua maana mbili na anachagua. Mwenye maana moja hana cha kuchagua. Na kamusi kubwa haikuwa nyumbani kwetu, na hata sasa haimo kwenye nyumba nyingi ambako mtoto wa shule ndiye msomaji wa barua.

Ninachoomba si kikubwa: anayeandika kwa mtu asiyejua Kiingereza, aandike Kiswahili. Akishindwa, aandike Kiingereza kisichojificha. "Your employment ends today" hata mimi wa kidato cha pili ningeielewa.

Mtu wa Bagamoyo:

Uzi mzuri. Nawaletea mfano kutoka mlangoni kwetu.

Mwaka 1887 Stanley aliondoka Unguja na msafara ambao Waingereza waliuita "Emin Pasha Relief Expedition". Emin, Mjerumani aliyezaliwa Eduard Schnitzer, alikuwa gavana wa Ikweta, jimbo la Misri upande wa juu wa Nile. Khartoum ilipoanguka mikononi mwa Wamahdi, waasi wa Sudan, mwezi Januari 1885, akawa amekatiwa njia. Stanley alichukua Waunguja kiasi cha 600, akaingia melini pamoja na Tippu Tip, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kupandia Kongo. Mamia ya watu wetu walikufa kwenye ule msitu wa Ituri, kwa njaa, magonjwa na mishale.

Sasa "relief" hapo ni nini? Wengine kwa Kiswahili husema "msafara wa kumwokoa". Lakini walipochangisha fedha walisema wanampelekea risasi na mahitaji apate kushikilia jimbo lake, yaani msaada. Wakaja kukutana pembeni mwa Ziwa Albert tarehe 29 Aprili 1888, Stanley kachoka na watu wake wamekonda, na Emin ndiye aliyefika na meli yake ya mvuke akiwaletea chakula na nguo. Nani kampa nani ahueni? Halafu Emin hakuwa na haraka ya kuondoka. Mwisho aliondoka, na tarehe 4 Desemba 1889 wakaingia Bagamoyo. Usiku uleule, kwenye karamu, Emin akaanguka kutoka ghorofani na kuumia vibaya.

Ukinihoji mimi, neno lilianza kwa maana ya kupeleka msaada, likageuka kuwa kuokoa, likaishia kwenye maana ya baba mdogo: gavana alifika pwani hana jimbo. Na Waunguja waliobeba mizigo njia nzima, wao hakuna aliyekuja kuwapokea.

Mleta uzi:

Nimesoma mara mbili. Ile sentensi yako ya mwisho imenikaa.

Kuna pia matumizi ya vita yanayofanana na hayo. Mji uliozingirwa na adui, jeshi likija kuuvunja mzingiro, Kiingereza husema mji umekuwa "relieved". Mafeking, Afrika Kusini, ulizingirwa siku 217 hadi tarehe 17 Mei 1900. Hapo "kutuliza" wala "kupokea" hayafai. Ni kuukomboa mji, au kuvunja mzingiro.

Nipo Nairobi:

Na sisi wa karatasi ya mshahara mmetusahau. Kila mwezi naona mstari "personal relief", shilingi 2,400. Rafiki yangu mmoja alidhani ni pesa anayopewa na serikali! Ni kiasi kinachotolewa kwenye kodi yenyewe baada ya kuhesabiwa, ndipo kinachobaki kinakatwa. Naona watu wengine wanaandika "msamaha wa kodi", lakini msamaha si unamaanisha hulipi kabisa?

Mleta uzi:

Umeona sawasawa. Msamaha wa kodi ni kitu kingine, mtu au bidhaa inatolewa kwenye kodi. Hiyo yako ni "nafuu ya kodi" au "unafuu wa kodi": mzigo bado unaubeba, ila umepunguzwa kidogo. Na hapa ndipo, hatimaye, ile "punguza" ya kamusi yangu inakaa kwa haki.

Kuna mwingine kaniuliza faraghani kuhusu "I'm relieved", yaani mtu mwenyewe anavyojisikia. Hapo achana na vitenzi vyote vya juu. Majibu ya kipimo yakirudi mazuri, mama hasemi "nimetulizwa". Anasema "moyo umetua". Anasema "nimeshusha pumzi". Wengine hawasemi kitu, wanakaa tu chini kwenye benchi. Mtafsiri achukue mojawapo ya hayo, na akipenda kumsikia Mtanzania akilisema neno hili kwa jambo kubwa kabisa, akumbuke ile kaulimbiu ya miradi ya maji, kumtua mama ndoo kichwani. Mtua nani? Mama. Mtua nini? Ndoo. Vyote viwili ndani ya kitenzi kimoja, bila hata kuhitaji "of".

Mwalimu wa kata:

Hiyo ya ndoo naipeleka darasani Jumatatu. Lakini dada, ulisema unataka hadithi, na wewe hukumaliza yako. Baba mdogo ilikuwaje?

Mleta uzi:

Alikaa miezi saba bila kazi. Baadaye akapata kulinda shamba la mtu huko Kilosa, akalifanya hadi uzee wake. Nilipopata cheti cha uuguzi alikuja kwenye sherehe, na akaniomba nimsomee kile cheti, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili. Nilisoma polepole sana. Alikuwa akisubiri mwisho wa kila mstari ndipo anaitikia kwa kichwa.

Mgongo bado unamsumbua. Nimemwandikia kwenye pakiti ya vidonge vyake kwa kalamu nene: "Hivi vinatuliza tu. Maumivu yakizidi, nipigie."

Wakuu naomba niishie hapa kwa leo. Naingia saa mbili usiku, na kuna mwenzangu yuko wodini tangu mchana anasubiri nimpokee. Maswali mengine nitayajibu asubuhi.